Shajara ya tangi la matumbawe yanayochoma, Chukwani, Unguja

Shajara hii naiweka kwa anayetaka kulea nyumbani matumbawe yenye kuchoma, hasa Galaxea fascicularis na Euphyllia glabrescens, akiwa hapa hapa kwetu. Maelekezo mengi yaliyopo yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao shida yao ni kupasha maji moto. Unguja shida ni kuyapoza, tena ndani ya hewa yenye unyevu na umeme unaokatika. Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, kwa hiyo habari ya joto nitaieleza kwa kirefu zaidi kuliko ya taa. Bei zote ni kwa shilingi. Kila hatua ikikamilika naongeza sehemu.

14 Oktoba 2023: Ruhusa, tangi na mawe

Kabla kioo hakijakatwa nilikwenda idara ya uvuvi. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka wa nchi kunataka karatasi, na kung'oa tumbawe hai kwenye miamba yetu bila kibali hakuruhusiwi. Nilichoomba, na nikapewa kwa barua, ni kufuga vipande vilivyokatwa kwenye makoloni, yaani matumbawe mazima, yaliyokua tangini kwa mfugaji mmoja wa Dar es Salaam. Anayekaa karibu na bahari atashawishika kujichukulia chake maji yakipwa. Namuomba asifanye hivyo. Miamba yetu ilipauka kwa joto mwaka 1998, ikapauka tena 2016, na kila koloni lililobaki hai ndilo linalotoa mbegu za kuijaza ile iliyokufa.

Tangi ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, kioo cha milimita 10. Ukijumlisha tangi dogo la chini na ukatoa nafasi ya mawe, maji yaliyomo ni kama lita 300. Fundi vioo kachukua 480,000, meza ya chuma 220,000. Hakikisha silikoni anayotumia si ile yenye dawa ya kuzuia ukungu, ya vyooni na jikoni. Dawa hiyo inavuja majini na kuua wadudu wote.

Mawe ni yale yale ya matumbawe ya machimbo tunayojengea nyumba: mwamba wa kale, chokaa tupu, wenye matundu ambamo bakteria watakaa. Rundo zima 25,000. Nimeyasugua kwa brashi, nikayaroweka katika maji ya mfereji na kuyabadilisha mpaka yakawa hayachafuki. Yale yenye mishipa ya udongo mwekundu ndani nimeyatoa, kwa sababu kila yakikauka na kulowa yanatema tope upya. Mchanga sikuweka. Kuchota mchanga wa ufukweni ni kuula ufukwe wenyewe, na tangi lenye chini patupu huruhusu pampu zenye nguvu bila kutimua vumbi juu ya matumbawe.

Jambo moja la hatari. Ukipewa mawe yaliyowahi kukaa baharini au kwenye tangi la mtu mwengine, usiyachemshe na usiyasugue kwa maji ya moto ili kuyasafisha. Palythoa, vile vidude laini vya rangi ya kahawia vinavyofunika mwamba kama zulia, baadhi yake vina palitoksini, sumu kali mno. Mvuke wake umewalaza hospitali watu waliokuwa wakisafisha mawe jikoni kwao, na familia zao pamoja nao.

25 Novemba 2023: Maji

Nachota Bweleo wakati wa bamvu, maji yakiwa yamejaa pomoni, mbali na bandari na mitaro ya mji. Nachuja kwa kitambaa cha marekani, naweka kwenye mapipa ya plastiki yaliyofunikwa, gizani, yakipuliziwa hewa wiki nzima. Chumvi 35 kwa elfu. Vuli ilipomwaga, kipimo kilishuka hadi 32 kando ya ufuo, kwa hiyo siku za mvua sichoti.

Maji ya kujazia yanayokauka ndiyo yaliyonisumbua. Kinachopaa ni maji matamu, chumvi inabaki, na lazima urudishe maji matamu safi. Ya kisima ni magumu mno, yamepita kwenye mwamba wa chokaa. Ya mvua yanatoka kwenye bati lenye zinki. Kila niliyemweleza shida hii alinionesha bomba la kiyoyozi linalodondoka nje: "Fundi, si hayo hapo, maji safi ya bure?" Nayajua yanakotoka. Yanateremka juu ya koili ya shaba, na shaba hata kidogo tu huua matumbawe, kamba na konokono. Niliyapima kwa kipimo cha shaba, rangi ikabadilika palepale. Nikanunua mtambo wa kuchuja kwa utando, 310,000. Unamwaga maji mengi kuliko unayotoa, nami yale ya kumwagwa nayapeleka kwenye asumini na chooni.

Vipimo pamoja na rifraktomita ya kupimia chumvi, 340,000. Amonia, sumu ya uchafu unaooza, imepanda, kisha bakteria wakaigeuza naitreti ikashuka hadi sifuri, naitreti 10. Tangi tayari.

6 Januari 2024: Vipande vya kwanza

Vimekuja kwa boti kutoka Dar ndani ya kasha la kuhifadhia samaki, kila kimoja na mfuko wake wa maji. Galaxea viwili, Euphyllia glabrescens chenye vichwa viwili, na matumbawe magumu mengine, Montipora, Porites na Acropora, kimoja kimoja. Jumla 470,000. Mfugaji alitaka kuniongezea Sarcophyton bure, nikamshukuru na kumuachia. Matumbawe laini ya aina hiyo hayachomi, lakini yanamwaga kemikali majini zinazowadumaza majirani wagumu, na katika lita 300 haziendi popote. Hata hivyo mkaa amilifu wa vifuu vya nazi naupitishia maji kila mwezi. Mkaa wa kupikia haufanyi kazi hiyo, usijaribu.

Taa ya LED iliyotumika, 650,000. Mtambo wa kutoa uchafu kwa povu, 420,000. Pampu tatu, 390,000. Euphyllia nimeliweka chini upande wa kushoto, penye mwanga wa wastani na mkondo wa kutikisa tu. Galaxea katikati. Montipora, Porites na Acropora juu, sentimita 15 kutoka kwa Galaxea lililo karibu zaidi. Mchana yote yametulia, hakuna linalomfikia mwenziwe.

17 Februari 2024: Joto

Kaskazi imekaza. Chumba kinafika nyuzijoto 32 mchana, maji ya tangi 30.8. Maji niliyochota Bweleo yenyewe yalizidi 30. Matumbawe ya kwetu yamezoea joto, lakini yanaishi karibu na ukingo wa uvumilivu wao: maji yakizidi kwa nyuzi moja tu wastani wa mwezi wa joto zaidi, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, mwani mdogo sana wa rangi ya kahawia unaoishi ndani yao na kuwalisha hutoka na tumbawe likabaki jeupe. Euphyllia limeanza kukunja minyiri.

Jaribio la kwanza, feni mbili ndogo juu ya maji. Hapa kuna hesabu inayofaa kujulikana. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba kama kilojuli 2,400 za joto. Lita 300 zikipoteza kiasi hicho zinashuka karibu nyuzi 2. Kwa hiyo feni si kitu cha kudharau. Tatizo ni hewa ya Unguja, ambayo tayari imejaa unyevu na haipokei mvuke zaidi. Maji yalishuka hadi 29.3 yakagoma.

Jaribio la pili, friji dogo la mkono wa pili. Nililitoboa ubavuni, nikaweka ndani ndoo ya maji yenye mita 20 za mpira mwembamba uliozungushwa, pampu ikipitisha maji ya tangi humo. Kwa siku moja hivi ilionekana kama itafaa kwa sababu ndoo ilikuwa na baridi yake ya akiba. Baadaye ndoo ikafanana joto na tangi, kompresa ikawa haipumziki, na maji ya tangi hayakupungua hata nusu nyuzi. Sababu ni mbili. Kuteremsha lita 300 kwa nyuzi moja ndani ya saa moja kunataka kuondoa joto la karibu wati 350, na friji la aina hiyo limeundwa kuhifadhi baridi, linavuta wati chache sana kulinganisha na hapo. Pili, ukuta wa mpira wa plastiki ni mbovu kupitisha joto. Mtu atasema weka koili ya shaba. Habari ya shaba nimeshaieleza. Chuma kisichoshika kutu nacho hatimaye hushika kutu ndani ya maji ya chumvi. Kinachofaa ni titaniamu, ambayo sikuipata kwa bei ya maana. Friji na mpira vimekula 180,000.

Jaribio la tatu ndilo lililobaki. Nimekifunga chumba, nikaziba nafasi za mlango na dirisha, nikaweka kiyoyozi cha inveta cha BTU 9,000, 1,150,000 pamoja na mabano, nikakiacha kwenye 26. Feni zikarudi kazini, na safari hii zikafanya kazi kweli, kwa sababu kiyoyozi kinakausha hewa huku kikiipoza. Maji ya kujazia yamepanda kutoka lita 3 hadi 5 kwa siku. Tangi liko 26.5 usiku na 27 mchana. Anayeanza leo na aende moja kwa moja kwenye kiyoyozi cha chumba na feni pamoja. Kimoja bila ya mwenzake hakitoshi au kitakula umeme kupita kiasi.

23 Machi 2024: Minyiri ya doria

Sehemu hii naiomba isomwe yote kabla mtu hajanunua Galaxea.

Montipora lilianza kutoka doa jeupe upande mmoja, ukubwa wa ukucha. Siku zilizofuata Porites likafuata, nalo upande ule ule unaotazama katikati ya tangi. Alkalini, akiba ya maji ya kuzuia uchachu na ya kujengea mifupa ya matumbawe, inayopimwa kwa dKH, ilikuwa imeshuka hadi 6.2, basi nikashughulika na hiyo kwanza. Nikaipandisha polepole kwa sodiamu baikaboneti, nusu dKH kwa siku. Kwa tangi la lita 300, gramu 9 zinapandisha dKH 1. Usinunue hamira ya keki yenye unga na asidi ndani yake, wala magadi ya kupikia maharage. Ni vitu vyengine. Alkalini ikafika 8, madoa yakaendelea kukua. Nikapunguza taa, hakuna lililobadilika. Jambo lililokataa kuingia katika maelezo yoyote ya maji au mwanga ni kwamba Acropora, lililo mbali kidogo na nje ya njia ya pampu, halikuwa na kasoro. Maji mabovu hayachagui upande.

Baada ya tarawehe, taa za tangi zikiwa zimezimwa muda, nilifunika tochi kwa plastiki nyekundu na kumulika. Minyiri ya kawaida ya Galaxea haifiki sentimita moja, imezunguka kila kinywa. Katikati yake ilikuwa imetoka mengine, myembamba kama uzi wa kushonea, karibu haionekani isipokuwa kitone cheupe nchani. Ilikuwa imelala juu ya mkondo wa pampu, ikipepea, na mrefu kuliko yote ulipita sentimita 20. Kila pampu ilipobadilisha kasi, ncha zilirudi kugusa pale pale, kwenye ukingo wa Montipora, zikang'ang'ania kidogo kisha zikaachia. Asubuhi yake hapakuwa na hata mmoja nje.

Tumbawe ni mnyama. Kwenye minyiri yake mna vifuko vidogo sana, kila kimoja na kishale kilichojikunja ndani. Kikiguswa kinafyatuka na kudunga sumu. Ile myembamba kama uzi, iitwayo minyiri ya doria, imebeba vifuko vingi vya namna hiyo, na nchani ndiko vilikorundikana. Galaxea inaweza kuirefusha hadi kama sentimita 30. Si silaha pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Judith Lang, kwenye miamba ya Jamaika, alionesha kuwa matumbawe magumu yana ngazi ya ubabe: lenye nguvu hutoa nyuzi kutoka tumboni mwake na kummeng'enya jirani palepale alipo. Nyuzi hizo hazifiki mbali, na nafasi ndogo inatosha kuziepuka. Minyiri ya doria ndiyo inayovunja hesabu za mchana. Tena haitoki siku ya kwanza. Huota taratibu kwa wiki kadhaa, tumbawe likishahisi kuna mwengine karibu, ndiyo maana Januari yote ilipita kwa amani.

Rekebisho la kwanza: niligeuza pampu ipulize upande mwengine. Montipora likapona, lakini minyiri ikahamia njia mpya, na sasa Euphyllia ndilo lililokuwa mbele yake. Nalo si dhaifu, minyiri yake ni mirefu na inachoma vizuri tu, ila kichwa kimoja kilijikunja na kugoma kufunguka. Kuzungusha pampu ni kumtafutia Galaxea muathirika mwengine.

Rekebisho la pili: Galaxea zote mbili nimezipeleka kwenye jiwe lake peke yake, mwisho wa tangi upande wa kulia, kule mkondo unakoishia. Pampu zote zinasukuma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo maji yanapita kwa wengine kwanza na kuishia kwao. Kati ya jiwe hilo na tumbawe lolote kuna sentimita 35. Galaxea mbili hizo zimegusana na hazidhuriani, kwa sababu ni vipande vya koloni moja. Euphyllia liko kushoto, sentimita 20 kutoka kwa Porites. Kila usiku kabla ya kulala namulika. Minyiri ya doria bado inatoka, ikielekea kwenye kioo cha mwisho. Kichwa cha Euphyllia kimefunguka tena. Doa la Montipora limeacha kukua na ukingoni pameanza kuota ngozi mpya. Sehemu iliyokufa imefunikwa na mwani na sitegemei irudi.

Kwa hiyo nafasi baina ya matumbawe haya ipimwe usiku, kwa tochi nyekundu, na ipimwe zaidi kuelekea mkondo unakokwenda. Rula ya mchana haitoi habari yoyote.

11 Mei 2024: Umeme

Mwezi uliopita, tarehe 15 Aprili, NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, na wenzao walitangaza kuwa dunia imo katika upaukaji mkubwa wa nne wa matumbawe. Jirani yangu mvuvi wa madema alikuwa ameshaniambia kabla: mwamba anaoutegea umekuwa mweupe. Inaniuma kuwa na kiyoyozi kwa matumbawe sita huku yale ya nje yakikosa pa kukimbilia.

Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani mwanzoni mwa mwezi huu, umeme wetu ulikatika jioni. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta niliyoitegemea, haikumaliza saa, kwa sababu taa nazo zilikuwa zimechomekwa humo. Tangi likalala bila mkondo. Joto halikuwa tatizo, lita 300 zinachelewa kubadilika na usiku ulikuwa wa upepo. Kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Tulipeana zamu mimi na mwanangu wa kiume, tukichota kwa kopo na kumimina kutoka juu mpaka alfajiri. Tukaona na jengine: mkondo ukisimama, minyiri ya doria ya Galaxea haipepei tena, inaning'inia na kuangukia chochote kilicho chini yake. Jiwe lao sasa halina kitu chini wala pembeni.

Nimenunua betri ya 12V ya 100Ah na chaja yake, 360,000. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu wati-saa 600. Inalisha pampu moja tu ya mkondo, ya 12V, wati 20, bila inveta katikati: zaidi ya saa 24. Taa, kiyoyozi na mtambo wa povu haviguswi na betri. Nimeijaribu kwa kuzima swichi kubwa usiku mzima, na asubuhi matumbawe yote yalikuwa yamefunguka.

22 Juni 2024: pH na chokaa

Tangu chumba kifungwe, pH ya asubuhi, yaani kipimo cha uchachu wa maji, haizidi 7.8, na Acropora halioti ncha mpya. Chumba kisichopitisha hewa, watu wanalala ndani ya nyumba, kaboni dioksidi inaongezeka, inaingia majini na kushusha pH. Kufungua dirisha kungeharibu kazi ya Februari. Rekebisho lilikuwa rahisi kuliko yote: mpira wa hewa wa mtambo wa povu nimeupitisha kwenye tundu la ukuta ili uvute hewa ya nje. pH ikapanda hadi 8.0.

Cha pili ni maji ya chokaa, ya kurudisha alkalini. Nilijaribu kwanza chokaa ya kujengea, kwa sababu hapa ndipo penye chokaa. Katika ndoo tu, kabla haijafika tangini, fosfeti, chakula cha mwani, ilipanda vibaya, na chini pakabaki majivu na mchanga wa tanuri. Nimeitupa. Aidha, tanuri nyengine huchoma matumbawe yaliyotolewa baharini, sitaki fedha yangu ifike huko. Natumia kalsiamu haidroksidi safi ya viwango vya chakula, gramu 2 katika lita 5 za maji ya kujazia, inayodondoka polepole usiku wakati pH iko chini. Kiasi hicho kinarudisha kama nusu dKH kwa siku. Usiimimine kwa mkupuo hata siku moja: maji ya chokaa yaliyokolea yana pH ya 12.4.

Kulisha: nilianza na dagaa wabichi waliosagwa, mafuta yao yakafanya utando juu na mtambo wa povu ukaacha kutoa povu. Sasa ni uduvi waliogandishwa na kuoshwa, kidogo, mara mbili kwa wiki. Galaxea linafunga minyiri juu ya kipande na kukimeza ukitazama.

31 Agosti 2024: Tumbawe la moto

Kwenye kitako cha Montipora palikuwa na ukoko wa rangi ya haradali ambao nilidhani ni Montipora lenyewe likitambaa. Kusi ilipopoza kila kitu ukaanza kukimbia, ukapanda jiwe na kutoa kingo nyeupe. Jirani yangu alipokuja kutazama hakuhitaji miwani: "Mwanangu, hilo usilishike. Hilo ndilo linalotuunguza tukizamia madema." Lilikuwa limeshanigusa kiwiko nikisafisha kioo. Millepora si tumbawe la kweli, ukoo wake uko karibu zaidi na konyeza, na juu yake kuna vinyweleo vya kuchoma vinavyoonekana kwa shida dhidi ya mwanga.

Ngozi iliwaka papo hapo na kuvimba michirizi. Suuza kwa maji ya bahari, si matamu, usisugue. Nilitia siki, kisha maji ya moto ya kuvumilika, maumivu yakapungua. Ukipumua kwa shida au uso ukivimba, hospitali bila kusubiri. Ukikatwa na tumbawe lolote, osha kidonda vizuri kwa sabuni na maji safi. Vidonda hivi hutunga usaha kwa urahisi.

Kukwangua ndani ya tangi hakufai, kila chembe inaweza kuota upya. Nilitoa jiwe zima, nikamkata Montipora kwa juu na kumgundisha kwenye kitako kipya, na jiwe la zamani nimelikausha juani. Chembe moja ilibaki kwenye jiwe la jirani. Hiyo nimeifunika kwa gundi ya epoksi na haijatokeza tena. Sasa siingizi mkono bila glavu ndefu za mpira.

9 Novemba 2024: Kukata, na gharama

Galaxea limejaza jiwe lake. Kulikata ni kazi nyepesi: kila kinywa kimesimama katika kijibomba chake, na kinachoviunganisha ni mfupa mwepesi wenye matundu, unaovunjika kwa koleo. Miwani na glavu ni lazima. Linatoa ute mwingi, kwa hiyo nakatia kwenye beseni la maji ya tangi na kuyamwaga baadaye, siyarudishi. Vipande vinne vimefunguka kwenye vitako vyao, kwenye tangi dogo la chini.

Fedha iliyotoka hadi leo ni 4,995,000, ikiwemo 180,000 ya friji. Umeme ni uniti 11 kwa siku wakati wa kaskazi, 6 wakati wa kusi, na sehemu kubwa ni kiyoyozi. Mwenye chumba cha upande wa kaskazini kisichopigwa na jua la mchana atatumia pungufu.

Acropora limeota ncha. Euphyllia lina vichwa vitatu. Kabla kaskazi haijaanza nitasafisha koili ya kiyoyozi na kubadilisha feni moja iliyoshika kutu. Anayevitaka vipande vinne vya Galaxea aje na barua yake ya idara ya uvuvi na picha ya tangi iliyopigwa usiku, ikionesha pampu zinasukuma upande gani.